Mrejesho: kabati la modeli limesimama

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu kabati la kuonyeshea modeli zangu, magari ya kipimo cha 1:43 (yaani madogo mara 43 kuliko gari halisi) na ndege chache za 1:72, nikisita kati ya mbao na aluminiamu. Nimechukua aluminiamu na vioo, kazi ya fundi wa madirisha hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mbao ya paini ya msitu wa Sao Hill inapatikana kirahisi, ila mlango wa mbao hupinda masika na kiangazi vikipokezana, na vumbi la huku halihitaji kualikwa.

Aliyesema nipime modeli kwanza, ubarikiwe. Land Rover ya 1:43 ni kama sentimita 11 tu, lakini basi la mita 12 kwa kipimo hicho linafika 28, na ndege ya Dakota ya 1:72 ina mabawa ya sentimita 40 na urefu wa 27. Kina cha 32 kimetosha vyote, ndege ikitazama mbele. Magari madogo yamepanda vijingazi vya plastiki angavu, ya nyuma yaonekane.

Milango ni ya kuteleza. Mwanya kati ya vioo fundi ameuziba kwa brashi za madirisha (zile tepe zenye manyoya), wazo lake mwenyewe, na kwangu ndilo bora kuliko yote tuliyojadili. Silikoni ya kawaida, ile gundi ya vioo, hutoa asidi ya siki ikikauka, hivyo niliacha kabati wazi hadi harufu ikaisha ndipo nikapanga.

Limekaa mbali na dirisha, jua lisififishe rangi. Taa bado. Picha jioni, umeme ukirudi.