Mzio wa chakula Ujerumani: kadi, simu au kukariri?

Kaka_Mkubwa: Wakuu, mdogo wangu anaondoka mwezi ujao kwenda Ujerumani, ana mzio wa chakula. Kesho steshenari wanataka maandishi ya Kijerumani wamtengenezee kadi ya plastiki. Mwenyewe anasema simu itamtafsiria. Mama anataka akariri. Tuchague ipi?

Fundi_Saa: Mzio wa nini? Mji gani? Anaenda kusoma au kutembea? Mnaleta uzi nusu mnataka majibu mazima.

Kaka_Mkubwa: Karanga na korosho. Leipzig, atakaa na familia akiwalelea watoto.

Mzee_wa_Kassel: Kadi, simu huzima. Andika: „Ich bin allergisch gegen Erdnüsse und Cashewkerne. Schon kleine Mengen sind gefährlich.“ Yaani: nina mzio wa karanga na korosho, hata kidogo tu ni hatari. Asiandike „Nüsse“ (kokwa kwa jumla) tu. Kwenye pakiti karanga ni Erdnüsse, kundi lake peke yake. Korosho imo kwenye Schalenfrüchte (kokwa za miti) pamoja na lozi. Sheria ya Ulaya inataka vizio 14 (vyakula vinavyoleta mzio) vitajwe, na tangu Desemba 2014 hata mgahawani lazima wakuambie. Ila ile „Kann Spuren von … enthalten“ (huenda ina chembe za …) ni hiari ya kiwanda. Isipoandikwa, usishangilie.

Bint_Pangani: Kadi anaisoma mhudumu, anayekaanga yuko jikoni. Akariri, amalizie na „Bitte fragen Sie in der Küche“ (tafadhali ulizia jikoni).

Mzee_wa_Kassel: Kwani kadi haina miguu? Si inapelekwa jikoni!

Mama_Junior: Niwaambie yaliyonikuta. Mwanangu ana mzio wa maziwa. Shule ya chekechea niliwapa barua ya daktari, „Milchallergie“, nikawaeleza na kwa mdomo. Wakaitikia vizuri kabisa. Wiki ile ile napigiwa simu, mtoto kavimba midomo, anakohoa. Nafika, mwalimu ananionyesha pakiti kwa kujiamini: „laktosefrei“, yaani haina laktosi, sukari ya maziwa! Kwao asiyekunywa maziwa ni mtu wa tumbo kujaa gesi, basi. Laktosi imeshughulikiwa, protini ya maziwa imo yote, na hiyo ndiyo inayomdhuru mtoto. Barua ipo kwenye faili, hakuna aliyeifungua. Tangu siku hiyo nasema „allergisch“, kisha naongeza „keine Unverträglichkeit“ (si tumbo kukataa tu), na namwambia mtu arudie nilichosema.

Fundi_Saa: Pole dada, lakini uzi ni wa karanga.

Mama_Junior: Soma tena, kaka. Nasema karatasi bila mdomo ni bure.

Chuma_Chakavu: Mizio ya siku hizi! Sisi tumekula karanga mbichi shambani, nani alikufa?

Bint_Pangani: Waliokufa hawaandiki humu.

Msafiri_Baridi: Nyumba yenye watoto ndipo penye kazi. Kuna Erdnussflips, ukiziona utadhani ni bisi za mahindi, kumbe zina karanga ndani. Sherehe za watoto hazikosi. Aongee na familia kabla hajapanda ndege. Halafu, ana sindano ya adrenalini, ile ya kujichoma mzio ukizidi? Namba ya dharura ni 112, aseme „allergischer Schock“ (mshtuko wa mzio).

Kaka_Mkubwa: Sindano hana. Hospitali walimpa vidonge tu.

Mzee_wa_Kassel: Basi achana na steshenari kwanza, mrudishe kwa daktari.

Kaka_Mkubwa: Nimeshalipa nusu mkuu.

Chuma_Chakavu: Nje ya mada kidogo: tiketi kalipa nani, familia au nyie? Nina binti wa shangazi anatafuta nafasi kama hiyo.

Bint_Pangani: Wengi hujilipia. Kijerumani anacho?