Tupeane uzoefu: mzee ambaye tumbo linamsumbua mwaka hadi mwaka

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa yale tuliyoyapitia katika kuwauguza wazee wetu wenye matatizo ya tumbo ya muda mrefu: kufunga choo, kuharisha, kiungulia na tumbo kujaa gesi. Ni maradhi yasiyosemwa kwa sababu ya aibu, na mara nyingi mzee mwenyewe ndiye wa kwanza kuyaficha. Nitaanza mimi.

Baba yangu ana miaka 81. Kwa muda mrefu alikuwa akipata choo kigumu, nasi tukaona ni uzee tu. Mwaka jana akaanza kutoa majimaji kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, wakati mwingine bila kuhisi mpaka nguo ziloe. Tukamtafutia dawa ya kuzuia kuharisha. Siku ya tatu tumbo lake lilikuwa gumu, hataki chakula, na usiku akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Daktari alimpima kwa kidole katika njia ya haja kubwa, kisha akatueleza kwa upole kwamba choo kikavu kilikuwa kimerundikana na kuziba njia, na yale majimaji yalikuwa yakipenya kandokando ya kizibo hicho. Mtu tuliyedhani anaharisha, kumbe alikuwa amefunga choo, na dawa yetu ilikuwa imezidi kumfunga. Hata kule kuchanganyikiwa kulikwisha siku chache baada ya tumbo kufunguliwa.

Tangu hapo tunaandika kila kitu katika daftari: tarehe, saa, kiasi na aina ya choo. Kwa aina tunatumia jedwali la Bristol lililochapishwa mwaka 1997, ambalo linagawanya choo katika aina 7, kuanzia vibonge vigumu vilivyotengana hadi maji matupu. Aina ya 3 na ya 4 ndizo zinazotakiwa. Baba alilalamika sana mwanzoni, akauliza ni lini tumekuwa makarani wa choo chake.

Mkwe mlezi:

Pole kwa uliyoyapitia. Kwetu chanzo kilikuwa ndani ya mfuko wa dawa. Mama mkwe wangu alikuwa akitumia dawa 8 alizoandikiwa na madaktari watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuziona zote kwa pamoja. Siku moja nilizibeba zote, na mfamasia akazipanga mezani moja baada ya nyingine, huku akizisogeza pembeni zile zinazofunga choo: kodeini ya maumivu ya magoti, vidonge vya madini ya chuma, amitriptilini aliyopewa kwa ajili ya usingizi, na verapamili ya shinikizo la damu. Kila moja ilikuwa na sababu yake, lakini zote nne ziliukuta utumbo wa mtu mmoja. Hatukuacha hata moja kwa uamuzi wetu. Daktari ndiye aliyeibadilisha ya shinikizo na kuiondoa ya usingizi, na kwa kuwa kodeini haikuepukika, akaiandikia dawa ya kulainisha choo ya kwenda nayo sambamba.

Niongeze jambo moja. Mama hakuwa tayari kuniambia mimi habari za choo chake, na nilipomuuliza alijibu kila mara kwamba anaendelea vizuri. Binti yangu alipokabidhiwa kazi hiyo, ndipo tulipojua kuwa ameshamaliza siku sita bila kwenda haja kubwa.

Mpwa:

Naomba kutahadharisha kuhusu ushauri tunaopewa na kila mtu, wa kuongeza nyuzinyuzi. Shangazi yangu halali bila kugeuzwa, hatembei, na tulipomwongezea pumba za nafaka kwa wingi, tumbo lilimvimba na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nyuzinyuzi zinahitaji maji ya kutosha na utumbo unaosukuma. Zikikosa vyote viwili zinabaki kuwa mzigo. Nilipochunguza zaidi niligundua kuwa shangazi alikuwa akikataa maji makusudi, kwa kuwa hakutaka kutuamsha usiku kumpeleka msalani. Lilinichoma moyo hilo. Tukakubaliana kwamba maji mengi anayanywa kabla ya saa 10 jioni, kikombe kidogo kidogo, tena bila kungoja asikie kiu, maana hisia ya kiu hupungua umri unavyosonga. Mwenye mgonjwa wa moyo au wa figo amwulize daktari kiasi kwanza.

Jambo lililosaidia kuliko yote lilikuwa saa. Utumbo mpana huamka baada ya mlo, hasa mlo wa asubuhi, kwa hiyo tunamkalisha chooni ndani ya nusu saa baada ya kula, miguu ikiwa juu ya kigoda ili magoti yapite usawa wa nyonga, naye ameinama mbele kidogo. Dakika kumi, mlango umefungwa, hakuna anayemwita wala kumharakisha.

Mtoto wa mwisho:

Mama yangu aliharisha miezi minne, tukamkataza karibu kila chakula mpaka akakonda. Chanzo kilikuwa metformini, dawa yake ya kisukari. Alipobadilishiwa na kupewa ile inayoyeyuka polepole, kuharisha kukakoma.

Mjukuu:

Babu alikuwa na kiungulia cha miaka mingi, na papo hapo alikuwa akimeza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuleta vidonda vya tumbo, kila siku kwa ajili ya mgongo. Hakuwahi kulalamika maumivu ya tumbo. Tulichoona ni kizunguzungu akisimama na choo cheusi, chenye kunata kama lami na harufu kali isiyo ya kawaida. Tulijidanganya kuwa ni vidonge vya madini ya chuma, ambavyo kweli hukifanya choo kuwa cheusi, lakini safari hii ilikuwa damu kutoka kwenye kidonda cha tumbo. Wazee wanaweza kuvuja damu bila kuumwa popote, kwa hiyo choo cha namna hiyo kisisubiri kesho. Kwa kiungulia chenyewe, tuliinua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hivi, badala ya kumrundikia mito, kwa sababu mito humkunja kiunoni na kulibana tumbo. Na chakula cha usiku anakimaliza zikiwa zimebaki saa tatu kabla ya kulala.

Muuguzi mstaafu:

Nimesoma yote. Tafadhali msijaribu kutoa choo kilichokwama kwa kidole nyumbani, kwani mnaweza kumjeruhi mzee, na mapigo ya moyo wake yanaweza kushuka ghafla. Mafuta ya parafini ya kunywa pia si ya mzee anayelala chali au anayepaliwa, kwa kuwa yakiingia mapafuni huleta nimonia. Tumbo likivimba huku anatapika na hatoi hata hewa, huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Na tabia ya choo ikibadilika kwa mara ya kwanza uzeeni, ikiambatana na kukonda au upungufu wa damu, ombeni uchunguzi wa utumbo mpana kabla ya kuzoea dawa za kulainisha.

Mwanzilishi:

Ahsanteni sana. Nimeulizwa faraghani kuhusu laktulosi, dawa ya kulainisha choo: Baba huitumia, na inaweza kuchukua hadi siku mbili kabla ya kufanya kazi, kwa hiyo msiongeze dozi siku ya kwanza mkidhani imeshindwa. Mwanzoni ilimjaza gesi, kisha ikatulia.

Jana asubuhi aliniomba daftari. Akavaa miwani, akasoma ukurasa mzima bila kusema neno, kisha akafuta mahali nilipoandika aina ya 3 na kuweka 4.