Je, hewa ukaa ya nyumbani yaweza kufidiwa kwa kupanda miti?

Swali
Ndugu zangu, nimekuwa nikikadiria hewa ukaa inayotokana na matumizi ya nyumbani kwetu. Kikokotoo nilichotumia kinaonyesha kwamba lita moja ya petroli hutoa takribani kilo 2.3 za kaboni dioksidi, ilhali lita yenyewe haifiki hata kilo moja. Hilo linawezekanaje? Pili, nikishapata jumla ya mwaka, je, nikipanda miti ya kutosha nitakuwa sidaiwi tena?

Jibu la 1
Kikokotoo hakijakosea. Lita ya petroli ina uzito wa takribani kilo 0.75, na sehemu kubwa ya uzito huo ni kaboni. Inapoungua, kila atomu ya kaboni huungana na atomu mbili za oksijeni, ambazo hutoka hewani wala si ndani ya tangi, ndiyo maana gramu 12 za kaboni huzaa gramu 44 za kaboni dioksidi. Dizeli huzidi kidogo, takribani kilo 2.7 kwa lita, na kilo moja ya gesi ya mtungi hutoa karibu kilo 3. Penye mtego ni umeme: uniti moja iliyofuliwa kwa makaa ya mawe huweza kubeba karibu kilo nzima ya kaboni dioksidi, ilhali ile ya nguvu za maji kwa kawaida hubeba kiasi kidogo sana. Kwa hiyo, tumia kigezo (kiasi cha kaboni dioksidi kwa kila uniti) cha gridi inayokuhudumia wewe.

Jibu la 2
Kuhusu miti, ningekuomba usiharakishe kufunga hesabu. Moshi wa gari umeshapaa leo, lakini mche utachukua miaka mingi kufyonza kiasi hicho, na ukiungua au ukikatwa kuni kabla ya hapo, kaboni yote hurudi angani. (Sipingi kupanda miti, napinga kuihesabu kabla haijakua.) Ukiamua kulipia mradi wa fidia, yaani unaopunguza hewa ukaa mahali pengine kwa niaba yako, uliza kwanza kama mradi huo ungefanyika hata bila fedha zako, kwa sababu ukiwa ungefanyika, hujapunguza chochote. Uliza pia kama fidia hiyohiyo haijauzwa kwa mtu mwingine, na, ikiwa mradi unalinda msitu, kama wakata miti waliozuiwa humo hawakuhamia msitu wa jirani. Punguza kwanza, kisha fidia kile kilichoshindikana.

Mwuliza swali
Ahsanteni. Je, kuna kitu ambacho vikokotoo hukisahau?

Jibu la 3
Ndiyo, ndugu: gesi ya jokofu na kiyoyozi. Kilo moja ya R-134a, mojawapo ya gesi hizo, ikivuja hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya kaboni dioksidi, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100. Kiasi kilichomo katika jokofu la nyumbani ni kidogo, lakini usilitupe kabla fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi hiyo hajaitoa, na kiyoyozi kinachohitaji kujazwa mara kwa mara kizibwe kinapovuja badala ya kuongezewa tu.