Tovuti ya kikundi cha manahodha Lamu: tuijenge kwa mfumo gani, na nani ashike funguo?

Katibu_Langoni

Assalaam alaykum wanajamvi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha manahodha hapa Amu. Tunapeleka wageni Takwa, Manda Toto, Kipungani, na bahari ikiruhusu mpaka Kiwayu. Tovuti tunayo, lakini tunayo kama mtu mwenye ng'ombe kwa jirani, maziwa ni ya kuomba. Kijana aliyetujengea yuko Mombasa. Aliiandika yote kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, na kila tukitaka kubadilisha nauli ni lazima tumpigie. Akiwa na nafasi anabadilisha. Akikosa nafasi, mgeni anashuka uwanja wa ndege wa Manda na bei ya zamani kwenye simu yake, anamwonyesha nahodha pale gatini, na mabishano yanaanza kabla tanga halijatwekwa.

Sasa kikao kimeamua tuhamie kwenye mfumo wa kusimamia maudhui, tuwe tunaingia na kuandika wenyewe. Nimetajiwa WordPress, Joomla na Drupal. Mwingine kaniambia nichukue zile huduma za kulipia kila mwezi, ambako unaburuta picha na maneno kwa kidole tu. Upi unawafaa watu wenye kompyuta moja, na waliobaki wote ni wa simu?

Halafu nataka wenzetu wa Matondoni na Kizingitini waandike habari zao wenyewe. Ila kuna mzee wetu mmoja, namheshimu sana, akishika simu hujui atabonyeza nini.

Lugha nayo. Wageni wengi wanataka Kiingereza, nami sikubali tovuti ya manahodha wa Lamu isiyo na neno la Kiswahili. Zinakaa pamoja?

La mwisho ni la mweka hazina: umeme ukikatika Lamu, tovuti itazimika? Nimemwambia hapana. Anataka asikie kwa mtu mwingine.

pwani_tupu

Katibu, mnajitafutia gharama bure. Ukurasa wa Facebook, namba ya WhatsApp, picha nzuri za machweo, biashara imekwisha. Tovuti ni ya mabenki.

Bi_Mhariri_Malindi

Wa alaykum salaam Katibu. Nasimamia tovuti ya maktaba ya kijamii hapa Malindi, kwa hiyo mengi ya haya yamenipitia mkononi.

Nianze na mweka hazina maana ndiye mshika mfuko. Tovuti haikai Lamu. Inakaa kwenye seva mnayokodi, yaani kompyuta iliyo wazi usiku na mchana, iwe Nairobi au Ulaya, na huko wana jenereta zao. Umeme wa Amu ukikatika, ninyi ndio mtakaoshindwa kuingia kuandika. Mgeni aliyeko Milano ataendelea kuisoma kama kawaida. Mwambie amesikia kwa mwingine.

Ndugu pwani_tupu, Facebook iwekeni, hakuna anayekataza. Lakini nauli uliyoiandika Machi, Julai iko chini ya picha mia na hakuna atakayeifukua. Na siku akaunti ikifungiwa, hamna mlango wa kubisha. Habari za leo zipelekeni huko, nauli na njia za safari zikae kwenu.

Kuhusu mfumo: chukueni WordPress. Sisemi ndio bora kwa kila kitu. Yote mitatu ni ya bure, yote ni ya msimbo huria, yaani fundi yeyote anaweza kuifungua na kuirekebisha, na yote inahifadhi maneno yenu kwenye hifadhidata, ghala lake la maandishi, na sura ya tovuti mahali pengine, ndiyo maana unabadilisha nauli bila kugusa muundo. Drupal, iliyotolewa mwaka 2001 na Mbelgiji Dries Buytaert, ni mashine nzito. Inazifaa taasisi kubwa zenye mafundi wa kuajiriwa. Joomla ya mwaka 2005 ni nzuri, ila kwa mgeni menyu zake ni nyingi. WordPress ilianza mwaka 2003 na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Kwenu takwimu hiyo ina faida moja tu: fundi wenu akiwachosha, wa kumrithi yupo Malindi, yupo Mombasa, huenda yupo hapo Mokowe.

Zile za kuburuta kwa kidole ni rahisi kuingia, tabu ni kutoka. Maneno utayanakili, lakini tovuti nzima huwezi kuibeba ukaipeleka kwa mwingine. Na muwe macho, kuna WordPress mbili. WordPress.com ni huduma ya kampuni, unafungua akaunti kwao. WordPress.org ndiko unakochukua programu yenyewe ya bure, ukaiweka kwenye seva uliyokodi. Nazungumzia hii ya pili.

Sasa funguo, maana hapa ndipo vikundi vinapolia. Tovuti ina funguo tatu: jina, yaani anwani yenu ya mtandaoni, seva, na dashibodi, ule ukurasa wa ndani mnaoingilia kuandika. Jina ndilo kubwa. Majina yote ya .ke yanasimamiwa na KeNIC, na mnayanunua kupitia wakala. La kikundi kisicho cha faida huishia .or.ke, la biashara .co.ke. Swali la kumuuliza kijana wa Mombasa leo hii, kabla hamjazungumza habari ya mfumo wowote: jina letu limesajiliwa kwa nani, na kwa barua pepe ya nani? Nimeona kikundi hapa Malindi ambacho jina lao liliandikwa kwa barua pepe ya fundi. Fundi akapata kazi ng'ambo, taarifa za kulipia upya zikawa zinakwenda kwenye sanduku asilolifungua, na jina likaisha muda wake. Hakuna aliyewaibia. Ni kwamba hakuna aliyeambiwa.

Kwa hiyo fungueni barua pepe ya kikundi, si ya katibu wala ya mwenyekiti, kwa sababu uchaguzi upo. Jina lisajiliwe kwa hiyo. Akaunti ya seva iwe kwa hiyo. Msimamizi mkuu wa WordPress pia. Hilo la tatu watu hulidharau, lakini tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, programu jalizi, yaani kiprogramu cha kuongezea tovuti kazi, ikiharibika na kuangusha tovuti, WordPress yenyewe hutuma kiungo cha uokozi kwa barua pepe ya msimamizi. Kama ni ya fundi aliyehama, kiungo kinamfikia yeye, nanyi mmebaki na ukurasa mweupe. Nywila za barua pepe hiyo wawe nazo watu wawili, na nakala iandikwe kwenye karatasi ikae pamoja na cheti cha usajili cha kikundi. Ndiyo, karatasi.

Mzee wenu sasa. WordPress ina ngazi za watumiaji. Msimamizi anafanya lolote, mpaka kufuta tovuti. Mhariri anagusa maandishi ya kila mtu lakini hagusi mitambo. Mwandishi anaandika na kuchapisha yake tu. Mchangiaji anaandika, kisha kazi yake inasubiri mhariri aipitishe. Mzee mpe Mchangiaji, abonyeze apendavyo, hakuna kinachotoka nje bila wewe kukiona. Ila Mchangiaji haruhusiwi kupandisha picha. Kama Matondoni wana picha ya jahazi linalojengwa, wakurushie kwa WhatsApp uiweke wewe. Yule mliyemwamini mpandishe awe Mwandishi. Wasimamizi wasizidi wawili, hata kama mwenyekiti atanuna.

Lugha zinakaa pamoja. Kuna programu jalizi inaitwa Polylang, ya bure inawatosha: kila ukurasa wa Kiswahili unaufungia pacha wake wa Kiingereza, na juu kuna kitufe cha kubadilisha. Haikutafsirii, na hiyo ni heri. Andikeni kila lugha kwa nafsi yake. Mgeni anataka kujua kama kuna kivuli chomboni na kama chakula kimo kwenye bei. Mwamu anataka kujua mashindano ni lini.

fundi_mokowe

Wazee shikamooni. Dada wa Malindi kanigusa kwa kusema huenda yupo Mokowe, basi nipo.

Naongezea ya mitambo kwa ufupi. Programu jalizi zisiwe nyingi, kila moja ni mlango, na tovuti nyingi za WordPress zinazovamiwa huvamiwa kupitia jalizi iliyozeeka, si kupitia WordPress yenyewe. Sasisheni, ila chukueni nakala ya akiba kwanza. Kuna jalizi inaitwa UpdraftPlus, inafanya hivyo na kuipeleka Google Drive ya kikundi. Nakala kamili ni vitu viwili, hifadhidata na faili. Ukichukua folda ya picha peke yake huna nakala, una albamu. Na msisasishe jioni ya kuamkia mashindano ya majahazi, wakati ambapo watu ndio wanaingia kwa wingi.

Cheti cha usalama, kile kinacholeta kufuli juu ya anwani, msilipie. Let's Encrypt wanatoa bure na wakodishaji wengi wa seva wanakifunga wenyewe. Mtu akikuuzia, muulize kwanza anakuuzia kipi.

Picha ndizo zitawaua. Simu za sasa zinapiga picha ya MB 4 na zaidi. Ishirini kwenye ukurasa mmoja ni MB 80, na mgeni yuko Shela na bando la kubahatisha. WordPress hutengeneza saizi ndogo yenyewe, lakini faili ya asili inabaki kwenye seva ikila nafasi mnayoilipia. Zipunguzeni kabla ya kupandisha, upana wa pikseli 1,200 unatosha kabisa, na zisizidi KB 200. Hizo zinazopitia WhatsApp zinakuja zimeshabanwa, kwa hiyo njia aliyowapa dada inawafaa mara mbili.

Bi_Mhariri_Malindi

Ahsante fundi. Nimesahau jambo la picha za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihusu hata picha. Mtoto haonekani kwenye tovuti bila idhini ya mzazi. Na tukiacha sheria, ninyi ni watu wa Amu, mnajua: picha za Maulidi zenye kina mama haziwekwi hivi hivi kwa sababu mpigaji alipendezwa na mwanga.

Katibu_Langoni

Shukran sana, Bi Mhariri, na wewe fundi. Mweka hazina kasoma, kasema "kumbe". Kwake hiyo ni hotuba.

Nimempigia kijana. Jina kweli limesajiliwa kwa barua pepe yake, lakini ni muungwana, amekubali kulihamisha. Fundi nitakutafuta.

Nina mawili yamebaki. Wanachama wanataka jedwali la maji kujaa na kupwa lionekane ukurasa wa mbele, kwa sababu ya Takwa. Mnajua mkono ule wa mikokoni haupitiki maji yakiwa mafu, yale yasiyojaa sana, mgeni anataka aende saa nne na maji hayataki. Nani atakuwa anaandika saa kila siku? La pili, kurasa za zamani tuzifute zote tuanze upya? Baadhi ya nyumba za wageni zimeweka kiungo cha ukurasa wetu wa Takwa kwenye tovuti zao.

Bi_Mhariri_Malindi

Jedwali msiweke. Maji yanasogea kama dakika 50 kila siku, mtu akiumwa siku tatu jedwali limekuwa uongo, na uongo wa maji ni mbaya kuliko uongo wa nauli. Andikeni yasiyobadilika: kwamba safari ya Takwa inafuata maji kujaa, kwamba saa ya kuondoka hupangwa na nahodha, kwamba wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, nafasi ni kubwa zaidi, na chini yake namba ya simu ya zamu. Nauli nazo ziwe kwenye ukurasa mmoja tu. Kurasa nyingine zote zielekeze pale, zisirudie tarakimu. Ukiandika bei mahali patano, siku ya kubadilisha utakumbuka panne.

fundi_mokowe

Za zamani, Katibu, msifute kwanza. Nitajenga mpya kwenye anwani ya pembeni huku ya zamani ikiendelea, mkiridhika tunabadilishana usiku mmoja. WordPress inakuruhusu kuchagua anwani ya kila ukurasa, kwa hiyo ule wa Takwa tutaupa anwani ileile, viungo vya nyumba za wageni havitakatika. Ambazo hazilingani tunaziwekea uelekezo wa kudumu, msomaji anapelekwa kwenye mpya bila kujua. Nitumie orodha ya kurasa zote zilizopo, na uniulizie kijana kama anayo nakala ya picha za asili, zile zilizo kwenye tovuti zimebanwa mpaka nyuso hazitambuliki.

Katibu_Langoni

Picha anazo, kasema ziko kwenye diski kwao Kisauni. Kuna mwanachama anavuka Mombasa wiki hii, atazichukua. Orodha ya kurasa nakutumia baada ya isha, inshallah.