Land Rover la Babu: tulitengeneze au tuliuze?

Kikundi: Familia ya Babu

Ijumaa jioni

Idi: Habari za jioni wote. Baba, shikamoo. Leo nimelifunua turubai lile Land Rover, nimelizunguka lote. Naomba wiki hii tuamue. Tulitengeneze au tuliuze lilivyo. Hili la kila mtu kusema "tutaona" huku gari linaoza, hapana.

Babu: Marahaba mwanangu. Hilo ndilo nililokuwa nangoja. Macho yangu hayaendeshi tena. Mimi sitaki gari lifanywe kaburi hapa uani. Ama liende barabarani, ama limfae mtu mwingine.

Idi: [Picha]
[Picha]
[Picha]

Neema: Shikamooni wazee wangu. Mbona bodi nzuri hivi? Nilidhani limekwisha kabisa.

Hamisi: Shikamoo Babu, shikamoo Mjomba. Halina kutu hata kidogo! Hapa ni kupiga rangi, kubadilisha matairi na kuwasha. Kesho naweza kuja na betri na waya za kuchajia.

Babu: Hamisi usifunge betri yoyote bila mimi kuwepo. Gari hilo la 1965, chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Hasi ndiyo inayokwenda kwenye nyaya. Ukilifunga kama magari ya siku hizi utaharibu.

Hamisi: Kumbe! Sikujua, Babu. Siligusi.

Juma: Shikamooni wote. Hamisi, twende taratibu na hiyo bodi. Land Rover za zamani bodi yake ni aluminiamu. Zilipoanza kutoka 1948, Uingereza chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita, ndiyo maana wakatumia aluminiamu. Chasisi, ile fremu ya chini inayobeba gari lote, ndiyo ya chuma. Kwa hiyo juu unaweza kuona gari zima kabisa, na chini hakuna kitu. Picha zote hizi ni za juu. Baba Mkubwa, ya chini ipo?

Idi: Sijapiga. Majani yameota mpaka kwenye ekseli.

Juma: Basi hatujui lolote bado.

Rehema: Naomba nami niseme mapema, msije mkasema nilinyamaza. Kaka, gari lile nalipenda. Nimejifunzia humo kuendesha, Baba ananifokea nikanyage klachi mara mbili ndipo gia ya kwanza na ya pili zikubali. Lakini kazini kwetu nawajua watu waliofufua magari ya zamani. Wote walianza na "kutu kidogo". Gari likafumuliwa, likawa vipande, fedha ikaisha katikati, na sasa halina bei wala halitembei. Gari lililofumuliwa likaachwa ni baya kuliko lilivyokuwa kabla ya kuguswa, kwa sababu hata mnunuzi hajui nati ipi ni ya wapi. Kama tutafanya hivyo, bora tuliuze Jumatatu.

Neema: Shangazi amesema kweli. Nami nina swali la hesabu. Likishatengenezwa vizuri, thamani yake itafikia tulichotumia?

Juma: Kwa kawaida haifiki, dada. Nitasema wazi ingawa ndiyo kazi yangu. Ukilipa mafundi kila kitu, gari la zamani karibu siku zote litakula zaidi ya bei utakayoliuzia. Spea siyo kikwazo, za hizi Land Rover zinatengenezwa mpaka leo kwa sababu aina hii ilitoka miaka mingi na vitu vingi vinaingiliana. Kinachomaliza fedha ni saa za kazi. Kukata bati bovu, kupima, kukunja jipya, kuchomelea, kusaga. Ukitaka lile linalong'aa kama la maonyesho, ni rahisi zaidi kununua ambalo mwenzako amekwishalitengeneza na kula hasara yake.

Rehema: Basi si ndiyo hayo! Anayelitaka anunue lililokwisha.

Idi: Rehema, kwa hesabu uko sahihi, sibishi. Ila mimi sitafuti Land Rover. Ningetaka Land Rover tu ningenunua. Nalitaka hili. Ninalouliza ni hasara kiasi gani tunaikubali kwa moyo mmoja, na tunapata nini mkononi. Likiwa ni hasara ya kututenganisha, hata mimi nasema liuzwe.

Babu: Idi umenena.

Babu: Na mjue chasisi nilikwisha kuichomelea kiraka nyuma, upande wa kulia, zamani. Fundi aliweka bati juu ya bati. Nilikuwa naipaka oili chafu kila baada ya mvua. Tangu niache kuendesha haijapakwa.

Juma: Asante Babu, hiyo ni habari kubwa. Bati juu ya bati linaficha maji katikati, na chini ya kiraka kutu huwa inaendelea kimya. Hapo ndipo nitakapoanzia. Oili chafu imesaidia nje, lakini chasisi hii ni boksi la bati nene, ndani uwazi mtupu. Tope na maji huingia kwenye matundu, hayatoki, kutu inaanza ndani kuja nje. Ukiiona nje ujue imeshakula siku nyingi.

Jumapili nakuja na jeki, stendi, nyundo ndogo na bisibisi. Naomba asiwepo mtu wa kulipenda gari siku hiyo. Nagonga, naandika.

Jumapili mchana

Juma: Nimemaliza. Nimelala chini asubuhi yote. Nawapa nilichokiona kama kilivyo.

Juma: [Picha]
Boriti ya nyuma kabisa, ile inayobeba ndoano ya kuvutia. Imekwisha. Bisibisi imeingia mpaka kwenye mpini bila kusukuma. Kiraka cha Babu kimebaki kizima, bati lililokuwa chini yake halipo.

Juma: [Picha]
Mikono ya pembeni inayobeba bodi. Kulia miwili ya kukatwa, ukiwemo wa kushikia tangi. Kushoto mizuri.

Juma: [Picha]
Huu ni ukuta kati ya injini na miguu ya dereva. Nao ni chuma, siyo aluminiamu, watu wengi wanausahau. Pale abiria anapoweka mguu kuna tundu la ngumi. Ila nguzo za mlango, chini zinakoshika chasisi, nimezigonga sana na ni ngumu. Hizo zingekuwa zimeoza ningewaambia tuache leo.

Juma: [Picha]
Hii ndiyo iliyonifurahisha. Mihimili miwili mirefu, kuanzia mbele mpaka nyuma ya gia boksi. Nyundo inadunda na chuma kinalia. Palipooza sauti inakuwa kama kopo lenye mchanga, kutu iliyobomoka inacheza ndani. Mbele hakuna hiyo sauti. Nadhani uvujaji wa oili ya injini umeilinda miaka yote.

Neema: Na huo unga mweupe kwenye picha ya pili ni nini? Chokaa?

Juma: Hapana, ni aluminiamu inayoliwa. Ikigusana na chuma halafu maji yakakaa katikati, aluminiamu ndiyo inayokwenda. Uangalie kando ya ribiti, utaona rangi imevimba na ukikwangua unatoka unga. Iko kidogo, chini ya milango. Haituzuii.

Hamisi: Na injini? Niambie injini Juma.

Juma: Tulitoa plagi, tukamwagia oili kwenye silinda jana jioni, leo nimeizungusha kwa hendeli ya mkono. Imezunguka bila kukwama. Sijaiwasha na sitaiwasha, petroli ya kwenye tangi imeshakuwa nzito na inanata kama vanishi, na kabureta itaziba. Breki hata usiziulize, ni za dramu magurudumu yote na silinda zake zote zitabadilishwa, mabomba pia. Hayo ya injini na breki ni ya kawaida. Injini mbovu inafumuliwa na inarudi. Gari la zamani linauawa na chuma chake.

Rehema: Juma mwanangu, pole na kazi. Sasa sema kama fundi, siyo kama mjukuu. Unahitaji chasisi mpya?

Juma: Shangazi, ingekuwa mihimili ya katikati imeoza, ningesema ndiyo. Chasisi mpya zipo, zinachovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, ndani na nje, na ni nzuri sana. Lakini kuiweka ni kulifumua gari lote mpaka linabaki hewani, na hapo ndipo wale wenzako wa kazini walipokwama. Halafu kuna jambo la karatasi. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele kulia, pale springi inapofungwa. Nimeikwangua, inasomeka na inalingana na kadi. Ukitupa chasisi umetupa na namba, lazima uulize mamlaka kwanza. Tukirekebisha hii iliyopo, gari linabaki lilelile na kadi yake.

Kwa hiyo nasema: boriti mpya ya nyuma, mikono miwili, bati la sakafu ya mguu. Vyote vinauzwa vimeshakunjwa tayari, mimi nakata bovu mpaka nifike kwenye chuma kizima, nachomelea. Hakuna bati juu ya bati, na hakuna puti, ile ya kuzibia matundu kabla ya rangi. Puti kwenye chasisi ni kumdanganya atakayepanda.

Neema: Nisaidieni kuelewa. Hiyo ni kulifufua au ni kulitengeneza tu?

Juma: Ni kulitengeneza liwe salama na litembee. Rangi inabaki hiihii iliyopauka, viti vinabaki hivihivi. Taa ziko katikati kwenye grili kama zilivyotoka kiwandani, kabla hazijahamishiwa kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 60. Mimi kwa kweli naliona zuri hivi lilivyo. Rangi mpya inaweza kungoja hata miaka mitano. Chuma hakingoji.

Rehema: Hapo sasa nakusikia. Kilichokuwa kinaniogopesha ni ile ya kung'arisha kila kitu.

Idi: Gharama zake?

Juma: Kazi ya kuchomelea ni yangu, sitozi. Mnanunua bati, gesi, waya na diski. Breki na mfumo wa petroli ni kununua spea. Nimemtumia Neema orodha na bei nilizouliza.

Neema: Nimeipata. Nimeongeza theluthi moja juu yake kwa ajili ya yatakayojitokeza, maana Juma mwenyewe amesema ukianza kukata kutu huwa inakwenda mbali kuliko ilivyoonekana. Ninapendekeza hivi. Kwanza chasisi peke yake. Hatununui tairi, hatununui hata balbu, mpaka chasisi iishe. Ikifika hapo tukasema basi, bado tuna gari zima lenye chasisi nzuri, linauzika vizuri kuliko leo. Pili breki na petroli, liwake na lisimame. Tukiishia hapo pia si hasara ya kutupwa. Mengine ni baadaye na ni kwa anayetaka.

Na kiwango cha mwisho tukiandike leo. Tukikifikia, tunasimama. Hakuna mwenye ruhusa ya kusema "imebaki kidogo tu".

Idi: Nakubali. Hilo la mwisho hasa linanihusu mimi.

Rehema: Na Juma akikata akakuta mihimili ya katikati imeoza?

Juma: Nitapiga picha, nitaweka hapa, na nitaacha kukata. Hapo mimi mwenyewe nitasema liuzwe.

Rehema: Basi nami nimo. Nitatoa fungu langu sawa na kaka. Na Baba asibebeshwe hata senti.

Babu: Nitatoa. Gari ni langu bado. Halafu Hamisi awe anakuja akae na Juma, ajifunze. Mimi nitakaa kwenye kiti pembeni niwaonyeshe nyaya zinavyopita.

Hamisi: Nitakuja Babu, kila Jumamosi.

Juma: Vizuri. Hamisi, kabla ya Jumamosi nataka tangi litolewe kabisa, siyo kumwaga petroli tu. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, na mimi nitakuwa nachomelea mkono wa kulia, palepale linapokaa. Litoe, lipeleke mbali na nyumba, liache wazi. Turubai nalo tusilirudishe likiwa limegusa bodi, linashika unyevu. Tafuteni miti minne tulinyanyue lipitishe upepo.

Idi: Miti ninayo. Neema, andika kile kiwango na kibandike hapa juu kila mtu akione.

Neema: Nimekibandika.