Kikundi cha ukoo: deni la Ramadhani

Baba Mdogo Salim: Assalaam alaykum. Leo tarehe 17 Shaabani. Mwenye deni la Ramadhani iliyopita ajihesabu sasa, asingoje mwezi uandame ndipo aanze kuuliza.

Hemedi: Waalaykum salaam Ba'mdogo, shikamoo. Mimi niko safi 😎

Nasra: Shikamoo Ba'mdogo. Mbona nilisikia nusu ya Shaabani ikipita hakuna kufunga tena? Nilishakata tamaa.

Baba Mdogo Salim: Marahaba wanangu. Nasra, hiyo ni saumu ya sunna. Ipo hadithi kwa Abu Daud, "ikifika nusu ya Shaabani msifunge". Maulamaa wamevutana juu ya usahihi wake, Imam Ahmad hakuikubali, ila sisi Mashafi, watu wa madhehebu ya Imam Shafi, tunaifuata. Huanzi sunna baada ya tarehe 15, isipokuwa uwe na mazoea yako kama Jumatatu na Alhamisi, au umeunganisha na tarehe 15 yenyewe. Deni halimo humo. Kadha, yaani saumu ya kulipa siku ulizoacha, unalipa mpaka siku ya mwisho ya Shaabani.

Nasra: Alhamdulillahi. Basi mimi nina mzigo 🙈 naona haya hata kuutaja hapa

Shangazi Zuwena: Haya ya nini? Hili ndilo linaloniudhi. Wanawake tunaficha deni la saumu kama tumeiba. Bi Aisha mwenyewe, Mola amridhie, alisema alikuwa akidaiwa siku za Ramadhani asiweze kuzilipa mpaka Shaabani. Kalisema, likapokewa, limo katika Bukhari na Muslim. Sisi ni nani tuone aibu kwa jambo ambalo Mama wa Waumini hakulionea aibu?

Shangazi Zuwena: Na aibu hiyo ndiyo inayowafanya mabinti wafikishe miaka ishirini na kitu hawajui kama wanadaiwa. Mama hakusema, binti hakuuliza.

Rukia: Shangazi mimi nina swali ila nitakuja pembeni

Shangazi Zuwena: Uliza hapa hapa. Hao wavulana wataoa, nao wajue.

Rukia: Haya 😅 Damu ikija dakika chache kabla ya Magharibi, siku nzima nimeshinda na njaa. Inahesabika?

Shangazi Zuwena: Haihesabiki. Hata ingebaki dakika moja. Unailipa, na ujira wa kujizuia kwako uko kwa Mola. Kinyume chake: ukitoharika usiku kabla ya Alfajiri, nuia na ufunge, hata kama bado hujaoga. Utaoga uswali Alfajiri yako. Na swala za siku zile hulipi, ila saumu unalipa.

Hemedi: 👀 leo nimesoma

Baba Mdogo Salim: Nasra, tueleze mzigo wenyewe.

Nasra: Ramadhani ya mwaka juzi nilikuwa na mimba, daktari akanikataza kabisa kufunga, hali yangu mwenyewe ilikuwa mbaya. Hii iliyopita nilikuwa nanyonyesha, mimi mzima, ila maziwa yalikuwa yanakauka na mtoto hashibi, nikaacha. Sijalipa hata moja.

Baba Mdogo Salim: Hizo ni hukumu mbili, usizichanganye. Ile ya mimba uliacha kwa kujihofia mwenyewe, kwa hiyo kadha tu, kama mgonjwa. Hii ya kunyonyesha umehofia mtoto peke yake. Kwa Mashafi hapo kuna kadha na fidia, kibaba kimoja cha chakula kikuu kwa kila siku, apewe maskini. Mahanafi wao wanasema kadha tu katika hali zote mbili.

Nasra: Na kuchelewa je? Nasikia ukivuka Ramadhani nyingine deni linaongezeka

Baba Mdogo Salim: Saumu haiongezeki. Siku moja ni siku moja. Linaloongezeka ni kibaba kwa kila siku uliyoichelewesha *bila udhuru*. Wewe ulitoka mimba ukaingia uzazi, ukatoka uzazi ukaingia kunyonyesha. Muda wote huo udhuru umesimama, hupigwi fidia ya kuchelewesha. Ila tangu mtoto aanze kula na wewe uwe na nguvu, hapo jihesabu mwenyewe kwa insafu.

Nasra: Ameanza kula vizuri muda kidogo sasa.

Baba Mdogo Salim: Basi anza. Zitakazokushinda utaendelea nazo baada ya Idd, pamoja na vibaba vya zile ulizoweza kufunga hukufunga. Si lazima zifuatane. Qur'ani imesema "idadi katika siku nyingine", haikusema mfululizo. Na hesabu mwezi wenyewe ulivyokuwa, ukiwa wa siku 29 unalipa 29.

Shangazi Zuwena: Na nia iwe usiku, Nasra. Kadha si sunna, huamki saa nne ukaona hujala ukasema "leo nafunga". Nuia kabla ya Alfajiri kwamba ni kadha ya Ramadhani.

Hemedi: Hivyo vibaba mtu anaweza kutuma pesa tu?

Baba Mdogo Salim: Kwetu ni chakula. Mahanafi wanaruhusu thamani yake. Ukimtumia mtu pesa akununulie na kugawa kwa niaba yako, hapo chakula kimefika, hakuna neno. Kibaba ukikikadiria robo tatu ya kilo umejiweka upande wa tahadhari.

Bibi: Salim mwanangu na mie nitafunga mwaka huu. Nimeshasema

Baba Mdogo Salim: Shikamoo mama. Daktari amesemaje?

Bibi: Daktari mtoto mdogo yule

Shangazi Zuwena: 😂😂 Mama!

Baba Mdogo Salim: Mama, dawa ya sukari unakunywa asubuhi, mchana na usiku, na maradhi haya si ya kutarajiwa kupona. Wewe hudaiwi kadha. Ni kibaba kwa kila siku, nami nitakitoa kwa idhini yako. Ruhusa ni ya Mola, si ya daktari. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema Mwenyezi Mungu anapenda ruhusa zake zichukuliwe.

Bibi: Futari nitakaa nanyi lakini

Baba Mdogo Salim: Tende ya kwanza yako mama.

Nasra: Jumatatu naanza inshallah. Mniombee

Hemedi: Dada Nasra nitafunga na wewe nikuunge mkono 💪

Baba Mdogo Salim: Wewe huna deni wala mazoea, na nusu imeshapita. Hufungi.

Hemedi: Sheria ni sheria jamani 😌

Rukia: Kaka Hemedi, ile siku ya safari Ramadhani iliyopita? Si ulikunywa chai asubuhi ukasema wewe msafiri, na basi lilikuwa la adhuhuri?

Hemedi: Rukia 😐

Baba Mdogo Salim: Hemedi. Alfajiri ilikukuta nyumbani?

Hemedi: Ilinikuta Ba'mdogo. Ila safari ilikuwa ndefu, zaidi ya kilomita mia mbili

Baba Mdogo Salim: Umbali unatosha, kilomita themanini na kitu zingetosha. Lakini kwetu, Alfajiri ikikukuta bado hujaondoka mjini, siku ile unaifunga. Mahambali wanakuruhusu kufungua siku hiyo hiyo, ila baada ya kuondoka, sio mezani kwa mama yako. Toba na kadha.

Bibi: Hemedi anza Jumatatu na dada yako. Daku njooni kwangu