Tupeane uzoefu: SSI na SSDI hapa Marekani, nani anapokea zote mbili?

Habari za jioni wanajamvi. Kila Jumapili baada ya ibada nasikia watu wakisema "fulani anakula pesa za ulemavu" kana kwamba ni chungu kimoja. Ni vyungu viwili: SSDI, bima ya ulemavu kwa aliyefanya kazi, na SSI, msaada wa serikali kwa wenye ulemavu au wazee wasio na kitu. Mimi nusura nikose kimoja kwa kutojua.

Nilikuwa kiwanda cha nyama hapa Kentucky, zamu ya usiku, tangu 2017. Desemba 2024 nikapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia mpaka leo haushiki hata kijiko. Binti yangu ndiye aliyenijazia maombi. SSDI inatokana na yale makato ya FICA, kodi ya hifadhi ya jamii, tuliyokuwa tukiyalalamikia kila siku ya mshahara, na kwa umri wangu ilibidi niwe nimefanya kazi walau miaka mitano katika kumi ya mwisho. SSI haina habari na kazi uliyofanya. Inataka kujua una nini: ukiwa peke yako, akiba na mali zisizidi dola 2,000, ila nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi.

Barua ikasema SSDI yangu ni 610 kwa mwezi. Nikakaa kimya, nikiwaza kodi ya nyumba. Binti akageuza bahasha ya bili ya umeme akaanza kuchora: kwenye 610 hawahesabu 20 ya kwanza, inabaki 590. SSI kamili ya mwaka 2025 ilikuwa 967. Toa 590, inabaki 377. Kwa hiyo 610 na 377, jumla 987. Ile bahasha ninayo hadi leo, iko ndani ya Biblia.

Ukiwa huna kipato kingine na SSDI yako ni ndogo kama yangu, nenda kaulize habari ya SSI. Haya, karibuni, kila mtu aeleze yake.

Mama Pacha, Dallas
Shikamoo mzee, pole sana. Mimi nina zote mbili na ziliniponza. Niliponzwa na msiba.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kina mama. Tulipofiwa na mwenzetu, mchango wa kusafirisha mwili ukapitia akaunti yangu, dola 6,400. Ofisi ya mazishi ikachelewa kutuletea bei, tarehe mosi ikatukuta pesa bado imelala kwangu. Kumbe SSI huangalia ulicho nacho mwezi unapoanza! Ikaja barua kwamba nirudishe malipo ya mwezi ule.

Nilienda na daftari la michango, majina na saini, picha za ujumbe wa WhatsApp, na risiti ya ndege ya mizigo. Walikubali kwamba pesa si yangu, lakini nilihangaika miezi minne na shinikizo la damu likapanda. Rufaa una siku 60. Ukitaka malipo yasikatike wakati wanasikiliza, kimbia ndani ya siku 10 tangu upate barua. Kosa lilikuwa langu, sikuwaambia mapema. SSDI haikuguswa kabisa, yenyewe haijali una akiba kiasi gani.

Kijana wa Nakuru, Texas
Kwa waliovaa gwanda: mimi nalipwa na VA, idara ya wanajeshi wastaafu, kwa goti na mgongo nilivyoumia jeshini, na SSDI napokea kamili. Hakuna inayopunguza nyingine. Jamaa yangu alidhani SSI nayo ni vivyo hivyo. Haiko hivyo, SSI inahesabu pesa ya VA kama kipato. Kwake ikafuta yote.

Bint Pwani
Hili la safari hamjaligusa. Mama alifariki Mombasa, nikaondoka, nikakaa siku 41. Mila zetu mnazijua, huwezi kuzika ukageuka uwanja wa ndege siku ya pili. Ukikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo SSI inasimama, na ukirudi sharti ukamilishe siku 30 humu ndani kabla haijaanza tena. Kwa hiyo hata niliporudi sikupata papo hapo. SSDI yangu iliingia kama kawaida nikiwa matangani. Mimi ni raia lakini, wengine ulizeni hali zenu.

Mama wa Usonji, Maine
Mwanangu ana miaka 17. Tuliomba SSI akiwa mdogo, wakahesabu mshahara wa baba yake na wangu, tukaambiwa tumezidi. Nikakata tamaa, nikaacha. Mwalimu wake ndiye aliyenishtua kwamba akifikisha 18 mshahara wetu hauhesabiwi tena, anaangaliwa yeye. Na kwa kuwa ulemavu ulianza kabla ya miaka 22, siku baba yake akistaafu anaweza kulipwa kwa makato ya baba yake, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kushika kazi.

Tumeshamfungulia akaunti ya ABLE, ile ya akiba ya watu wenye ulemavu. Humo mpaka dola 100,000 SSI haizihesabu. Shangazi zake wakitaka kumtunza wanatuma huko, nimewakataza bahasha.

Fundi Bomba
Mimi niliangukia kazini, nalipwa fidia ya kuumia kazini pamoja na SSDI. Zikiunganishwa zisipite asilimia 80 ya ulichokuwa unapata, ikizidi SSDI inapunguzwa. Sina zaidi.

Mkimbizi Mwenzenu
Tuliokuja kama wakimbizi, SSI ina kikomo cha miaka saba mpaka upate uraia. Baba yangu mkwe alitoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, akiwa mzee, hajui kusoma, akawa anaahirisha mtihani wa uraia kila mwaka. Mwaka wa saba ukamkuta. Ipo fomu N-648, daktari anathibitisha kwamba ugonjwa unamzuia mtu kujifunza, asamehewe Kiingereza na maswali ya historia. Tungeijua mapema asingekaa miezi tisa bila senti, tukimlisha kwa zamu.

Swali kwa Mama Pacha: kiwanja cha nyumbani nacho wanakihesabu?

Mama Pacha, Dallas
Wanakihesabu, kipo ng'ambo au kipo hapa, alimradi ni chako na unaweza kukiuza. Kitaje mwenyewe kabla hujaulizwa.

Mwanzisha uzi
Asanteni, wanangu. Mama Pacha, umenitoa jasho. Mimi ndiye ninayeshika pesa za kwaya, tunachangia kinanda, tumefika 2,300 na zote ziko kwangu. Leo tarehe 29. Nimempigia katibu, anakuja kesho asubuhi twende naye benki.